Aliyeitia Maji

Katika mwaka wa 1996 niliandika barua ya mistari sita iliyoangusha miembe minne. Wakati huo nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali mkoani Tabora, na barua zilizotoka zilipita katika mashine yangu ya kupigia chapa. Mkubwa wangu alinieleza kwa mdomo lililotakiwa, yaani kwamba njia ya mtaa ipanuliwe ili pajengwe vibanda vya biashara. Nami nikalivika maneno ya kiofisi, nikalipa kumbukumbu namba, nikaligonga muhuri. Maneno "miti chakavu" yalikuwa yangu mwenyewe. Nayakumbuka kwa sababu siku ile yalinipendeza.

Miembe ile haikuwa chakavu. Shina la kila mmoja lilimshinda mtu mzima kulikumbatia, na msimu wa embe watoto wa mtaa hawakurudi kwao mchana. Jioni ya siku ilipoanguka nilipita pale, nikamkuta bibi mmoja wa Kinyamwezi ameketi juu ya kisiki cha mwembe wa tatu. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu. Ati wewe ndiwe mwenye barua?"

Nikakiri. Akaniuliza, "Na aliyeipanda, mlimwandikia naye?"

Nikamjibu kama karani, kwamba majalada hayaonyeshi ni nani aliyeipanda. Hakuniongeza neno. Akajifunga khanga yake vizuri, akaenda zake.

Swali lile lilinikera kwa miaka miwili. Mimi niliyekwisha kutunga mashairi ya kuisifu Tabora na vivuli vyake, sikupata hata siku moja kujiuliza vivuli hivyo vilitoka wapi. Mwaka wa 1998 nilipopata likizo, badala ya kwenda kwetu Urambo kulima, nilipanda gari moshi kwenda Dar es Salaam, nikaomba ruhusa ya kusoma katika Nyaraka za Taifa kule Upanga.

Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi wake mahali pale awaandae kwanza kwa subira. Majalada ya Wajerumani yameandikwa kwa mkono wa kale ambao hata Mjerumani wa leo huusoma kwa taabu. Ya Waingereza husomeka, na Vitabu vya Wilaya, ambamo maofisa wao waliandika habari za makabila, mipaka na watawala wa jadi, ni hazina kubwa. Lakini katika yale niliyoletewa mezani nilikuta kodi, kesi, barabara na tena kodi. Mti ulitajwa ulipokatwa, ulipouzwa au ulipozuia kitu. Nilicheka peke yangu, maana ndivyo nilivyoutaja mimi.

Nikageukia vitabu vya wasafiri. Stanley, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora katika miaka ya 1871 na 1872, aliandika kwamba Waarabu walipanda michungwa, milimau, mipapai na miembe kandokando ya makazi yao. Tazama jinsi sentensi hiyo ilivyojengwa: Waarabu walipanda. Ni nani aliyeshika jembe? Katika nyumba zile walikuwamo watumwa wengi, na mwenye jembe hakuonekana kwa mwandishi. Kwetu Urambo hali ni ya namna hiyo hiyo. Mtemi Mirambo, aliyefariki tarehe 2 Desemba 1884, alimkaribisha mwaka wa 1879 mmisionari tabibu aitwaye Southon, na barua za chama chake cha misioni zimehifadhiwa London. Hivyo mtoto wa Urambo anayetaka kujua habari za kijiji cha babu yake hulazimika kuvuka bahari. Lakini wageni hao hao wameshuhudia kwamba vijiji vya Unyamwezi vilizungushiwa ua wa minyaa. Basi na asituambie mtu kwamba kupanda ni ustaarabu tulioletewa. Mpaka leo mzee wa Kinyamwezi akipita porini na kukuta minyaa imejipanga, husema bila kusita kwamba hapo ni mahame, palikuwa na watu.

Yupo atakayesema kuwa swali langu lilikwisha kujibiwa zamani na masimulizi. Shuleni tuliambiwa kwamba miembe ya njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, iliota yenyewe kutokana na kokwa zilizotupwa na wapagazi na watumwa waliopita wakila embe. Nami niliamini hivyo mpaka bwana mmoja wa kilimo, niliyeketi naye katika behewa wakati wa kurudi, aliponiambia jambo dogo ambalo sikulisoma katika jalada lolote. Kokwa ya embe haiwekeki. Si kama punje ya mtama inayongoja ghalani mwaka mzima. Kokwa ikikauka kiini hufa, na muda wake ni wa majuma machache tu.

Nikapiga hesabu pale pale. Burton na Speke walipokwenda Kazeh, ndiyo Tabora yenyewe, mwaka wa 1857, walitumia siku 134 kutoka pwani. Misafara mingine ilikwenda upesi zaidi, lakini hata iliyokwenda mbio ilihesabu miezi, si majuma. Kokwa iliyotiwa mfukoni Bagamoyo ingefika Unyamwezi imekufa. Basi mwembe haukusafiri kwa mruko mmoja. Ama ulibebwa ukiwa mche mbichi ndani ya chungu, mtu akiunyima koo lake maji ili aupe, ama ulikwenda kituo kwa kituo: ukapandwa mahali, ukangojwa miaka mitano, sita au zaidi mpaka uzae, na kokwa zake zikachukuliwa mbele. Zaidi ya kilometa 800, hatua kwa hatua.

Tena kuota si kukua. Sisi wa Tabora tunajua kiangazi chetu. Mvua zikikatika Aprili au Mei, hatuzioni tena mpaka Oktoba au Novemba. Mche mchanga uliopandwa njiani, penye jua na mbuzi, hauvuki miezi hiyo bila mtu wa kuuwekea miiba na kuutilia maji. Kwa hiyo kila mwembe mkongwe uliojipanga na wenzake kandokando ya mtaa wa Tabora ni ushahidi kwamba palikuwa na mkono, tena mkono uliorudi kesho na keshokutwa. Afisa aliweza kutoa amri kwa siku moja. Maji hayatiwi kwa siku moja.

Nieleze kwa ufupi habari ya pili iliyonishughulisha, kwa kuwa ni ya nyumbani. Mwaka wa 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakikusudia kufyeka zaidi ya ekari milioni 3. Huko makaratasi ni mengi, na kila mashine ina hesabu yake. Minyororo ilifungwa kati ya matingatinga mawili, miyombo ikalala. Mwaka wa 1951 mpango ukaachwa, na hasara ikaandikwa pauni milioni 36. Baadaye ikaja tumbaku na mabani yake yanayokula kuni usiku na mchana. Mwaka wa 1980 kampeni ya Misitu ni Mali ilitutoa darasani na majembe, na miche mingi tuliyopanda ilikufa kiangazi kile kile, kwa kuwa shule ilifungwa na hakuna aliyeachiwa ndoo.

Niliporudi nilimtafuta yule bibi. Nilimkuta anapepeta mpunga uani. Nikamwambia kwamba nimekwenda mpaka Dar es Salaam na sikumwona aliyepanda. Akacheka sana, akanisogezea kigoda.

Alisema kwamba kabla ya vita vya Hitla mwanangwa aligawa miche, kila nyumba mmoja. Wanaume walichimba mashimo siku moja, wakaenda zao. Kisima kilikuwa bondeni. Kila alfajiri wasichana walipanda na mitungi, na kabla ya kuingiza maji ndani, kila mmoja alimimina kibuyu kimoja kwenye mche wa nyumba yao. Viangazi vitatu. Mwembe ukaitwa kwa jina la msichana aliyeutilia maji.

"Na wako ulikuwa upi, mayu?"

"Nilikuwa nimeukalia uliponikuta."

Jumatatu yake nilifungua jalada jipya la miti ya mtaa. Mkubwa wangu aliuliza litaingia chini ya kichwa gani, maana halikuwa la ardhi wala la ujenzi. Nikampa namba iliyofuata. Karatasi ya kwanza ndani yake ni maelezo ya yule bibi, kama alivyoyatamka, na chini yake dole gumba.