Barua itangulie

Jana usiku nimeangalia filamu ya zamani kidogo, ya mwaka 1987, inaitwa 84 Charing Cross Road. Hakuna bunduki, hakuna kukimbizana. Ni barua tu! Nilidhani nitasinzia, lakini wapi...

Anne Bancroft ni Helene Hanff, mwandishi wa New York mwenye kipato kidogo, anayetafuta vitabu vya zamani. Anthony Hopkins ni Frank Doel, muuza vitabu wa London. Kisa ni cha kweli. Walianza kuandikiana mwaka 1949, Waingereza wakiwa bado wanakula kwa mgao baada ya vita. Helene akawa anawatumia vifurushi vya chakula pale dukani. Yeye anatania, Frank anajibu kwa adabu zake, na taratibu wanakuwa marafiki.

Lakini safari ya London kila siku inaahirishwa. Mara fedha zimeishia kwenye meno, mara hili, mara lile... Frank akafariki Desemba 1968, hawajaonana hata mara moja.

Hapo nikamkumbuka mwalimu wangu wa Kiswahili. Ndiye aliyeniazima riwaya ya kwanza niliyoisoma, na mpaka leo ninayo mimi. Kila likizo najiambia nitamrudishia. Nimeandika habari ngapi za watu nisiowajua, ila barua moja kwa aliyenifundisha kupenda kusoma imenishinda!

Basi, asubuhi hii nimenunua bahasha na stempu. Kitabu nitakipeleka mwenyewe. Barua itangulie.