Kwaresima, Geita

Jumapili, 26 Februari 2023

Simu zimeanza kulia kabla hata sijawasha jiko. Kanisa kuu limeingiliwa usiku, vitu vitakatifu vimevunjwa. Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, jamani.

Hapa uani kila mtu ana lake juu ya aliyefanya. Mlevi. Katumwa. Kichaa. Hilo la tatu ndilo limekaa. "Kichaa tu ndiye awezaye," kasema mama muuza dagaa, na wote wakaitikia. Mimi nikaanza kuanua nguo. Hazikuwa zimekauka.

Jumatatu, 27 Februari

Askofu wetu, Kassala, kalifunga kanisa. Mpaka tarehe 18 Machi, siku za sala ya malipizi. Kina mama wanalia kama wamefiwa.

Mimi, acha niandike tu, nani atasoma, nimepumua. Tangu Noeli nikifika pale mlangoni miguu inagoma. Moyo unakwenda mbio, jasho, nageuza. Halafu Jumatano jumuiyani: mbona hatukuoni, dada? Sasa hakuna wa kuniuliza. Mlango umefungwa kwa wote. Tumelingana.

Dhambi hiyo? Sijui. Nimelala saa tatu usiku bila kula.

Ijumaa, 3 Machi

Sare za kwaya za Pasaka bado ni vitambaa. Vitenge vimekunjwa juu ya cherehani na mimi navitazama. Kukanyaga pedeli tu. Mguu upo, pedeli ipo. Mwenyekiti wa kwaya kapita, kauliza kwa upole. Upole wake umeniumiza kuliko kama angefoka.

Baba Maria, mume wangu, kashuka kutoka Rwamgasa. Duara lao la dhahabu limejaa maji, wanavuta kwa pampu ya kukodi. Kanikuta kitandani saa nane mchana. Hakusema kitu. Kapika ugali mwenyewe, mgumu kama tofali. Nikala.

Jumatatu, 6 Machi

Baba Maria kanipeleka hospitali. Hakutaka. Njia nzima kwenye bodaboda anasema foleni, hela, kazi. Lakini kanipeleka.

Muuguzi mdogo, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Kauliza usingizi, kauliza chakula. Kisha, bila kubadilisha sauti: dada, huwa unawaza bora usingeamka? Nikaangalia ukuta. Nilikuwa na hapana mdomoni, ikatoka ndiyo.

Nikamwuliza kama atanipeleka polisi. Maana nimesikia ni kosa, kifungu cha 217, kujaribu kujiua. Kasema kuwaza si kosa, na kumwambia mtu si kosa, ndivyo tunavyotakiwa. Hakushtuka. Hakuita mwenzake aje aone. Akaandika, akaendelea.

Sonona, kasema daktari. Jina fupi hivyo.

Akauliza kazi ya mume. Dhahabu. Mnachomea wapi? Nikamwambia nyuma ya nyumba, jiko la mkaa, lile bonge la zebaki. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki, kila mtu anajua. Kasema hicho kinachopaa tunakivuta sisi, kinashika mishipa ya fahamu: mikono kutetemeka, usingizi kuruka, hasira, kusahau. Hakusema ndicho kilichoniangusha mimi. Kasema tu kisichomwe tena nyumbani.

Baba Maria alikuwa ameshika kikombe cha chai. Nimeangalia mkono wake. Miaka yote hii nilidhani ni baridi ya duarani.

Jumatano, 8 Machi

Amitriptilini, kimoja usiku. Kinywa kikavu, ulimi kama gunzi. Asubuhi nayumba. Walisema hayo yatatangulia, nafuu itafuata, wiki mbili, pengine nne.

Mama mkwe kapiga simu kutoka Kishapu. Mwangaluka mayu, habari za huko, kisha hapo hapo: ni masamva, mizimu ya ukoo, kuna mzee hajakumbukwa, mje nyumbani. Jioni jirani wa kilokole kaja na Biblia yake. Kwake ni pepo la huzuni, twende mkesha wa Ijumaa nikafunguliwe. Mama mkwe na jirani hawawezi kukaa meza moja, lakini wamekubaliana jambo moja: vidonge nitupe.

Sikutupa. Nimevihamishia kwenye kopo la vifungo, watoto wasivifikie.

Ijumaa, 10 Machi

Njia ya Msalaba jumuiyani, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nimekwenda! Nikakaa karibu na mlango.

Kituo cha tatu Yesu kaanguka. Cha saba kaanguka. Cha tisa kaanguka tena. Nimeyasikia tangu komunyo ya kwanza na sijawahi kuwaza: mara tatu, na hakuna kituo hata kimoja mtu anamwambia imani yako ndogo. Na yule Simoni wa Kirene, cha tano, hakujitolea. Walimkamata tu akitoka shamba. Kabeba hivyo hivyo, kanuna labda. Nikamwona Baba Maria kwenye bodaboda, foleni, hela, kazi. Kidogo nicheke katikati ya sala.

Jumanne, 14 Machi

Wamemzika kijana wa machimboni. Amejitoa uhai. Makaburini kulikuwa na ubishi wa chinichini: kwa nini asomewe misa. Padre kausikia. Kasema Katekisimu yenyewe, namba 2282 na 2283, inakiri kwamba taabu kubwa za akili hupunguza lawama, na kwamba tusimkatie mtu tamaa ya wokovu. Kasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetangaza ratiba, kisha akachukua maji ya baraka.

Nilikuwa na swali nikalibeba hadi sakristia ya kigango. Baba, mtu akinywa vidonge vya kichwa, ni kama hamwamini Mungu? Kaniuliza: na wewe unavyo? Ndiyo. Ulivinywa jana? Ndiyo. Basi vinywe na leo, kisha uje nikupe Mpako wa Wagonjwa, si wa wanaokufa tu.

Nimerudi kwa miguu. Mbali, lakini kwa miguu.

Alhamisi, 16 Machi

Mabega ya sare nane yamekwisha. Mikono bado.

Jumamosi, 18 Machi

Kanisa limefunguliwa. Watu, watu, watu. Nimefika mlangoni, moyo ukaanza kukimbia kama zamani, nikageuka, nikaenda kukaa kwenye kivuli nje. Huko nyuma yangu wawili wanabishana kama yule aliyevunja alikuwa mzima au kichaa. Nilitaka kugeuka niwaambie: mimi ni mmoja wa hao mnaowasema, niko hapa, sijavunja kitu, nimeshona sare zenu. Sikusema. Si leo.

Nimesikia misa yote kwa spika. Inatosha.

Jumatatu, 20 Machi

Usingizi, jamani! Nimeamka jogoo ameshawika.

Baba Maria kahamisha jiko lake la kuchomea mpaka machimboni. Nimemwambia huko nako kuna watu. Kanyamaza. Tutazungumza tena.

Dirisha la dawa leo: hakuna, rudi wiki ijayo. Duka la nje wanayo, lakini bei yake ni mboga ya siku kadhaa. Nimenunua nusu. Mama Jumuiya, Jumatano ukija na rozari yako kuniombea, karibu sana, ila kwanza pita pale dirishani uniulizie kama amitriptilini imefika.