Kompyuta Iliyozidi Kasi

Marehemu baba yangu, mwalimu wa hesabu, alihifadhi methali za kwao ndani ya programu aliyoiandika mwenyewe kwa Turbo Pascal 7. Wazee waliomsimulia wengi wametangulia. Disketi ikabaki.

Niliinakili, nikaweka DOS ndani ya VirtualBox kwenye laptopu yangu. Programu ikakata papo hapo: kosa namba 200, eti kugawanya kwa sifuri. Sifuri gani, jamani? Kumbe programu nyingi za Turbo Pascal 7, zikianza tu, hupima kasi ya kompyuta: huhesabu mizunguko ndani ya milisekunde 55, kisha hugawanya kwa 55. Kwenye mashine ya leo jibu halienei katika nafasi yake ya biti 16, na prosesa hulalamika vilevile kama imekutana na sifuri.

Dawa yake ni DOSBox. Hii hujifanya kompyuta ya zamani. Kwa kawaida huipa programu kama hiyo hatua 3000 tu kwa milisekunde. Menyu ya baba ikafunguka.

Sisi wapenda vitabu tunahofia mchwa. Maneno haya hayakuliwa na chochote, ila yalikosa mashine ya kwenda nayo mwendo mmoja. Sasa ninayanakili, methali moja moja, kwenye faili la maandishi matupu.