Siku ya Mapumziko Ni ya Nani?

Ndugu msomaji, kipupwe cha huku kwetu Themi hakina mzaha. Tangu Juni hata Agosti upepo wa kusi hutoka baharini ukiwa na unyevu, nao ukiupanda mlima Meru hugeuka mawingu, na mawingu hayo hukaa juu yetu kutwa nzima kama kifuniko juu ya chungu. Mlima wenyewe una zaidi ya meta 4,500, nasi tupo miguuni pake, karibu meta 1,400 juu ya bahari. Usiku joto hushuka mpaka nyuzi 12 hivi. Asubuhi maji huuma vidole, na watoto huja kanisani wamejifunika mpaka masikio.

Watu wa Ulaya nao wana majira yao ya baridi, tena kali kuliko yetu. Kule Uswisi na Austria wengi huacha kazi wakaenda milimani kwenye theluji. Hujifunga mbao ndefu nyembamba miguuni wakateleza toka juu mpaka chini, kisha huingia ndani wakaota moto pamoja na rafiki zao. Waswisi huyeyusha jibini katika chungu kimoja, na kila mtu huchovya mkate wake humo. Sisi theluji yetu iko mbali juu ya Kibo. Lakini moto, rafiki na chungu kimoja, hayo twayajua vizuri.

Basi mwaka 2025 Saba Saba, siku iliyoanza kwa kukumbuka kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954, iliangukia Jumatatu. Karani wa parokia hapumziki Jumapili: kuna matangazo, kuna vitabu vya ubatizo, kuna hesabu ya sadaka. Kwa hiyo nilitaka kuwaalika rafiki watatu niliosoma nao chuo cha ualimu, mmoja wa Monduli, mmoja wa Usa River, na mmoja wa Moshono, waje na wake zao na watoto, tukae tu bila kazi.

Nilipomweleza mama watoto, hakukataa. Aliuliza neno moja tu: "Baba watoto, wageni na waje, nami nitafurahi. Lakini hiyo siku ya mapumziko ni ya nani?"

Msomaji, lipime swali hilo. Nyumba nyingi husema, "Leo twapumzika," na maana yake ni kwamba baba na wageni wamekaa vitini, na mama yuko jikoni na moshi. Siku ya kazi hupika sahani sita, siku ya mapumziko hupika sahani ishirini. Jioni wageni huaga wakisema, "Tumepumzika kweli," naye ameinama anasugua masufuria kwa maji ya baridi.

Tukapatana hivi. Mahindi na maharage ya makande yalilowekwa Jumapili asubuhi, yakachemshwa usiku. Jumatatu wageni walipofika, sisi wanaume wanne tulipaka mafuta mikononi kwa ajili ya utomvu, tukashika visu, tukamenya ndizi. Vijana wakateka maji na kupasua kuni. Watoto wakachoma mahindi. Akina mama wakapewa viti karibu na moto, blanketi na chai ya tangawizi.

Mzee mmoja jirani, Mwarusha, alipita akasimama uani. "Eh! Nyumba hii wanawake wote wameugua?"

Rafiki yetu wa Monduli akamjibu kwa adabu: "Shikamoo, mzee. Hawakuugua. Je, wewe ulipokuwa morani mkaenda olpul kula nyama, nani aliwapikia kule porini?"

"Marahaba. Tulipika wenyewe," akasema mzee. "Mwanamke hakukanyaga pale."

"Basi, mzee wangu, leo olpul iko hapa uani."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, akavuta kigoda, akaomba kisu.

Tulipokwisha kula hatukufanya kitu. Wengine walicheza bao, wengine walikumbushana mambo ya chuoni. Saa tisa mawingu yalifunguka, na kilele cha Meru kikaonekana kwa mara ya kwanza wiki ile. Mama watoto alikuwa amelala kitini, blanketi mpaka kidevuni. Tangu tuoane sikupata kumwona amelala mchana, isipokuwa akiwa mgonjwa. Binti yetu mdogo akataka kumwamsha amwonyeshe mlima. Mgeni mmoja akamshika mkono: "Mwache mama. Mlima utakuwapo na kesho." Masufuria tuliyaosha sisi wanaume, na kwa kweli maji yalikuwa ya baridi.

Jioni mmoja wetu alitaka kuliingiza jiko la mkaa ndani na kufunga mlango. Tukamzuia. Msifanye hivyo kamwe, ndugu zangu. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu katika usingizi. Afadhali blanketi la pili.

Sasa nakuomba, msomaji, ufungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, mahali penye amri ya siku ya mapumziko. Mungu hakumtaja mwenye nyumba peke yake. Alimtaja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, mgeni aliye malangoni, hata ng'ombe na punda. Ikiwa punda ametajwa kwa jina lake, je, mama wa watoto wako asahauliwe? Papa Yohane Paulo wa Pili naye, katika barua yake juu ya siku ya Bwana, Dies Domini, ya mwaka 1998, alifundisha kuwa pumziko ni jambo takatifu. Kitu kitakatifu hakifai kuwa cha mtu mmoja, na mwenziwe akabaki na mzigo.

Wala hapahitajiwi fedha nyingi. Makande, ndizi, mahindi ya kuchoma na chai vyatosha. Loweka nafaka mapema, gawa kazi, kila mwenye mikono apate sehemu yake. Nane Nane nayo huangukia ndani ya kipupwe. Kabla hujatuma mtu kwenda kualika rafiki, kaa na mwenzi wako, umwulize wewe kwanza swali lile: siku hii ni ya nani? Na jibu liwe: ni yetu sote.

Mungu azibariki nyumba zenu.