Programu yangu ya kuchagua baa

Wiki nzima nilikuwa Uingereza na Mzee wangu, tukisafiri kwa boti ya kukodi kwenye mfereji wa Grand Union. Boti hizo hazina haraka, mwisho ni maili 4 kwa saa. Chakula cha mchana tulipanga kula kwenye baa zilizo kando ya maji, na kama mnavyonijua, nikaandika kijiprogramu cha kuzichagua: umbali gawanya kwa mwendo, halafu alama za walaji.

Siku ya pili kikaniumbua. Kati ya Braunston na Whilton kuna malango ya maji 13. Kwenye kila moja unaingiza boti, unafunga, unangoja maji yapande au yashuke, unafungua. Weka dakika 15 kila lango: masaa matatu na robo ambayo programu haikuyajua kabisa! Tulifika saa kumi kasorobo. Baa ilikuwa wazi, bia tele, lakini jiko lilikuwa limefungwa tangu saa nane. Mzee ana kisukari na alikuwa amejidunga sindano asubuhi. Mikono ilikuwa imeanza kutetemeka. Akanywa soda, akala pakiti mbili za krispi, hakusema neno. Heri angenigombeza.

Usiku nikaongeza safu mbili: idadi ya malango, na saa ya jiko kufungwa. Alama za walaji nikazifuta. Kesho yake Mzee akanunua mkate na ndizi, akaviweka karibu na usukani bila kuniuliza.