Mikono Inayoosha Vichwa Vyetu

Nina shahada ya uzamivu, na kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi kusoma matini kwa jicho la kudadisi. Hata hivyo, hivi karibuni nilishindwa kusoma chupa ya shampuu.

Binti yangu alikuwa akiwashwa kichwani kwa majuma kadhaa, na ngozi ya nyuma ya masikio ilikuwa imeanza kuchubuka. Tulidhani ni fangasi, tukanunua dawa ya kupaka, hali haikubadilika. Daktari wa ngozi tuliyemwendea hakukimbilia kuandika dawa. Alitutaka tumletee kila tunachotumia kuoshea na kupaka nywele. Alipoisoma chupa ya shampuu, kidole chake kilisimama karibu na mwisho wa orodha: methilisothiazolinoni. "Huenda ni hii," alisema. "Iacheni, tuone." Tuliiacha. Baada ya majuma matatu, ngozi ilitulia.

Niliketi na ile chupa kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Orodha huanza na kiambato kilicho kingi kuliko vyote. "Aqua" ni maji tu. Kinachofuata mara nyingi ni sodiamu laurethi salfeti, ambayo ndiyo sabuni yenyewe: molekuli yake ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, hivyo hunasa uchafu wa kichwani ukaondoka na maji. Uvumi unaozunguka katika simu zetu kwamba huleta saratani hauna ushahidi. Madhara yake ya kweli ni ya kawaida zaidi: huondoa hata mafuta ambayo ngozi inayahitaji, na nywele zetu za kipilipili, ambazo mafuta ya kichwani hayafiki kwa urahisi hadi nchani, hukauka na kukatika. Ndugu yake, sodiamu lauril salfeti, ni kali zaidi. Watafiti wa ngozi huitumia makusudi wanapotaka kuchunguza mwasho. Sodiamu kloraidi ni chumvi ya mezani, iliyowekwa ili shampuu iwe nzito. Asidi ya sitriki ndiyo iliyomo ndani ya limau. Urefu wa jina, basi, si kipimo cha sumu.

Penye mashaka ni mwishoni mwa orodha. "Parfum" ni neno moja linaloweza kuficha makumi ya viambato vya manukato. Kisha vipo vihifadhi, ambavyo ni vya lazima kwa kuwa penye maji bakteria huzaliana. Baadhi yake hutoa formaldehaidi kidogo kidogo. Mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani waliitambua formaldehaidi kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Ushahidi huo unahusu zaidi kuivuta kwa pumzi; kwenye ngozi, tatizo lake ni mzio. Ama methilisothiazolinoni, Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku katika vipodozi vinavyobaki mwilini, na katika vile vinavyosuuzwa umeiruhusu isizidi sehemu 15 kwa kila milioni. Mantiki yake inaeleweka: shampuu hukaa kichwani dakika chache tu.

Jumamosi iliyofuata nilimpeleka binti kwa msusi wake, nikiwa na elimu yangu mpya. Nilikuta dumu la lita 5 lisilo na lebo yoyote.

"Dada, hii ina nini ndani?"

"Ni shampuu tu, mwalimu. Inatoa povu vizuri."

Alicheka, kisha akanionyesha viganja vyake. Vilikuwa vimepasuka katikati ya vidole. Alidhani ni maji ya kisima. Nilipomuuliza kuhusu glavu alisema, "Nikivaa, wateja wanaona nawanyanyapaa."

Pale nilielewa nisichokiona nilipokuwa nikisoma chupa. Kipimo cha dakika chache kinakifikiria kichwa kinachooshwa. Hakiifikirii mikono inayoosha. Kwa msusi, shampuu ni kipodozi kinachobaki mwilini kutwa nzima, siku sita kwa juma.

Mwaka 2019 udhibiti wa vipodozi nchini ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Ni hatua njema. Lakini mwananchi aliyepewa sheria kwa lugha yake bado anajimwagia kichwani asichoweza kukisoma, na msusi anatumbukiza mikono katika dumu lisilosema lolote. Ninyi mnaofanya kazi katika ofisi za umma mnajua kwamba onyo la mzio kwa Kiswahili halihitaji bajeti kubwa, na kwamba dumu lisilo na lebo halistahili kuwa sokoni. Nanyi wanafunzi wa kemia na wa Kiswahili, tafsiri ya orodha hizi ni kazi inayowasubiri kwa pamoja.

Kwa upande wangu, nilimnunulia msusi glavu. Nilipopita tena alikuwa amezivaa, lakini mteja mmoja alikuwa amemuuliza kama anaumwa. Nimemwandikia karatasi ya kubandika ukutani: "Glavu ni kinga ya mikono ya msusi." Aliisoma mara mbili, akaenda kutafuta gundi.