Nungwi, wasichana wanakoogelea na stara yao

Maji ukiyavulia nguo, yaoge, walisema wahenga. Nungwi, kijiji kilichoko ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja, wapo wasichana waliojifunza kuyaoga maji bila kuvua.

Ni safari ya karibu kilomita 60 kutoka Mji Mkongwe. Daladala namba 116 hupita Mahonda kwenye mashamba ya miwa, ikaendelea hadi barabara inapoishia baharini. Upande mmoja kuna hoteli za watalii, upande mwingine mafundi wanaunda mashua na majahazi kwa mikono. Jioni watoto wa kiume hujirusha majini kutoka kwenye ngalawa na kupiga mbizi. Wamefundishana wenyewe. Dada zao, mara nyingi, hukaa mchangani wakiwatazama.

Si kwamba wanawake wa pwani hii hawaijui bahari. Maji yakipwa, kinamama wa vijiji vya Unguja huingia na khanga zao kuchokoa pweza, kuokota chaza na kufunga mwani kwenye kamba. Lakini wengi wao hawajui kuogelea, na maji yakianza kujaa huharakisha kurudi nchi kavu. Kwa wakulima wa mwani hatari imeongezeka. Maji ya kina kifupi yamezidi joto, na ile aina ya mwani yenye bei nzuri huharibika. Anayeitaka hulazimika kuifuata kwenye kina kirefu.

Kwa nini basi mtoto wa kike akue kando ya bahari bila kujifunza kuogelea? Sababu kubwa ni mbili: nguo na mwalimu. Nguo za kuogelea zilizozoeleka huacha mwili wazi, jambo ambalo familia nyingi za Kiislamu hazilikubali. Akiingia na dera au baibui, kitambaa hunywa maji, kikawa kizito na kumzonga miguuni. Na mwalimu akiwa mwanamume, mzazi haridhiki.

Shirika la Panje Project la Nungwi lilishughulikia yote mawili. Wasichana walipatiwa nguo ndefu za kuogelea, na vijana wa kike walifunzwa ili nao wawafundishe wenzao. Picha za masomo hayo, zilizopigwa na Anna Boyiazis wa Marekani, zilipata tuzo katika mashindano ya World Press Photo ya mwaka 2018.

Nguo yenyewe huitwa burkini. Ilibuniwa Australia mwaka 2004 na Aheda Zanetti, mama mzaliwa wa Lebanon, baada ya kumwona mtoto wa ndugu yake akihangaika kucheza netiboli huku amevaa hijabu na nguo nyingi. Ina suruali ndefu, kanzu fupi inayofika mapajani na kofia iliyoshonewa humohumo, hivyo hakuna pini wala mtandio wa kufunguka. Kitambaa chake ni chepesi, hakinyonyi maji mengi na hukauka haraka.

Fundi wa mtaani anaweza kushona nguo ya namna hiyo akielewa inavyofanya kazi. Mzazi achovye kipande cha kitambaa kwenye ndoo kabla ya kununua. Kikitoka kizito kama khanga iliyofuliwa, hakifai. Kanzu ifungwe kwa kamba ndani ya kiuno cha suruali isije ikapanda usoni, na miguu ya suruali isiwe mipana.

Watu wa Nungwi wana sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na pwani yao ikielekea Pemba, na mamia ya watu walipoteza maisha. Kujua kuogelea pekee kusingewaokoa wote. Lakini si kila ajali ya maji ni ya meli. Mtoto huteleza mwambani, mama huzingirwa na maji akivuna mwani, na anayeweza kuelea kwa dakika kumi huwapa wenzake muda wa kumfikia.

Kwa hiyo mzazi anayemzuia binti kwa ajili ya stara ana haki ya kuuliza: nguo ni ipi, mwalimu ni nani, mahali pana faragha kiasi gani? Nungwi imeonyesha kuwa maswali hayo yana majibu. Yakishapatikana, somo la kwanza si kupiga mikono. Ni kulala chali juu ya maji, mkono wa mwalimu mgongoni, mpaka binti aamini kwamba maji yanaweza kumbeba.